Nishani ya Babu na Mirathi ya Nyanya Wawili

Mwanzoni mwa Novemba 2023, Mfalme Charles wa Tatu wa Uingereza alipozuru nchi yetu, alifika kwenye makaburi ya vita ya Kariokor jijini Nairobi. Huko aliwakabidhi wazee wachache waliopigana katika Vita vya Pili vya Dunia nishani mpya, badala ya zile walizozipoteza au kuzitupa. Wapo waliozitupa wakati wa Mau Mau kwa kuchelea kuonekana vibaraka wa mkoloni. Wakenya wengi walitazama picha hizo, wakasema mawili matatu, kisha wakaendelea na shughuli zao.

Nyumbani kwetu Ukambani, mambo hayakuishia hapo. Baba yangu mdogo alinipigia simu akaniambia, "Wewe unaitwa daktari wa vitabu. Babu yako naye alipewa nishani ya ushujaa kule Burma. Karatasi zake ziko wapi?" Nilijua kwamba swali lile lilibeba jambo jingine zito zaidi. Shamba la babu lingali na hatimiliki ya mwaka 1972 yenye jina lake, na shauri la mirathi lilikuwa limekwama kwa miaka. Babu aliacha wake wawili, ambao sasa ni marehemu, na nyumba mbili za watoto na wajukuu. Katika nyumba ya kwanza walikuwamo walionong'ona kwamba nyanya mdogo hakuwa mke halali. Nilitumwa nitafute karatasi zitakazosema kweli.

Ninaandika haya kwa sababu naamini jamaa nyingi za wasomaji wangu zina mkebe kama ule tulioufungua sisi. Ndani yake mlikuwa na nyota ya shaba yenye pembe sita na utepe uliochakaa, kitabu cha malipo cha jeshi la Keya, na kipande cha gazeti kilichogeuka vumbi.

Nianze na nishani. Yapo makundi mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kundi la kwanza ni nishani za kampeni, ambazo askari hupewa kwa kuwa alihudumu mahali fulani katika kipindi fulani. Kundi la pili ni nishani za ushujaa, ambazo hutolewa kwa mtu mmoja kwa tendo lake mwenyewe, baada ya mkubwa wake kuandika pendekezo. Nyota ya Burma ni ya kundi la kwanza. Ilitolewa kwa waliohudumu katika vita vya Burma kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945, na kwa kuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944 hadi mto Chindwin, Wakenya wengi waliistahili.

Isitoshe, nishani za kampeni ambazo Uingereza ilizitoa baada ya vita vile, kwa kawaida hazikuchongwa jina la mtu. Zile za Vita vya Kwanza zilichongwa namba, cheo na jina. Kwa hivyo, mwenye kuokota Nyota ya Burma hawezi kujua ilikuwa ya nani pasipo karatasi nyingine. Ushujaa, kwa upande wake, ulitangazwa katika Gazeti la Serikali la London, na mapendekezo mengi ya Vita vya Pili yamehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Uingereza huko Kew. Gazeti hilo husomeka leo mtandaoni bila malipo.

Nilitafuta kwa wiki tatu. Hapa ndipo taaluma yangu ya isimu ilipokuwa na faida ambayo sikuitarajia. Kikamba kina irabu saba, ilhali alfabeti ya karani wa kikoloni ilikuwa na herufi tano tu za irabu. Sauti moja mara ilikuwa "i", mara "e". Nyingine mara "u", mara "o". Sauti yetu ya "th", iliyo kama "dh" katika neno "dhahabu", karani aliyetoka kwingine aliiandika "z", "d" au "s", kwa jinsi sikio lake lilivyomwongoza. Jina la babu sitalitaja, maana shauri hili ni la jamaa nzima. Itoshe kusema kwamba kitabu cha malipo kililiandika hivi, hatimiliki ikaliandika vingine, na kitambulisho kikaliandika kwa namna ya tatu. Mahakama ilikuwa imetaka hati ya kiapo kuthibitisha kwamba watu hao watatu ni mtu mmoja. Jambo moja tu halikubadilika katika karatasi zake za jeshi: namba yake ya utumishi. Namba haina lafudhi. Mwalimu akiwafundisha wanafunzi kutafuta askari wa zamani, na awaambie waanze na namba.

Kwa tahajia zote nilizoweza kuzibuni, na kwa namba ile, babu hakuwamo miongoni mwa waliotunukiwa ushujaa. Nilipomweleza baba mdogo, alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hiyo tulidanganywa?" Nikamjibu kwamba hakuna aliyetudanganya. Babu alisema amepewa nishani, na alipewa. Neno "ushujaa" tuliliongeza sisi wenyewe, kizazi baada ya kizazi, kwa mapenzi.

Kitabu cha malipo kilichotunyima shujaa ndicho kilichotupa ushahidi wa ndoa. Jeshi lilihitaji kujua jamaa wa karibu wa kila askari, kwa sababu sehemu ya mshahara wake iliweza kutumwa nyumbani kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, na kwa sababu akifa, ilibidi ajulikane wa kupewa haki zake. Katika ukurasa mmoja, kwa wino uliofifia, jina la nyanya mkubwa limeandikwa kama mke. Hakuna cheti chochote cha ndoa yao. Ndoa za Kikristo na za kiserikali zilikuwa na rejista zake tangu siku za mwanzo za ukoloni, lakini waliooana kwa mila hawakuwa na daftari. Katika Idara ya Nyaraka za Kitaifa, jijini Nairobi, majalada ya wakuu wa wilaya yana barua kuhusu malipo ya askari kwa jamaa zao na mali ya askari waliofariki. Mwenye kutafuta ndoa ya babu yake atafanya vyema kuanzia hapo.

Mtu wa nyumba ya kwanza aliposikia habari hizo alifurahi kupita kiasi. "Basi yamekwisha," alisema. "Serikali yenyewe iliandika mke mmoja." Nikaona hatari iliyokuwa mbele yetu. Kitabu kile kilifungwa babu alipoachishwa jeshi mwaka 1946. Nyanya mdogo aliolewa mwaka 1948. Karatasi haikusema kwamba hakuwa mke. Ilikoma kabla hajaja. Kama ningeipeleka mahakamani peke yake, bila maelezo, ningekuwa nimetumia usomi wangu kuifuta nusu ya ukoo wetu.

Ilinibidi niende kwa shangazi, dada yake baba, aliyepita umri wa miaka tisini. Wakati wa ndoa ile alikuwa msichana wa kutumwa maji. Alinieleza mbuzi wa ntheo walitoka wapi, nani aliwaswaga, na nani alikuja kuwapokea. Kwetu, bila mbuzi hao ndoa haijakamilika, na mahakama za Kenya zimekuwa zikiitambua ntheo kuwa alama ya ndoa ya Kikamba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imewataka wanaooana kwa mila wasajili ndoa zao, lakini haiwezi kuwafufua nyanya zetu waende kutia sahihi. Kwa ndoa za namna hiyo, ushahidi ni kinywa cha aliyekuwapo, na vinywa hivyo vinazidi kupungua.

Lilibaki swali la mwaka wa kufa, ambalo mwanzoni nililidhania dogo. Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Aliyefariki kabla ya siku hiyo, mgawanyo wa mali yake hufuata sheria na mila zilizokuwapo alipofariki, ingawa taratibu za usimamizi hufuata sheria mpya kadiri iwezekanavyo. Aliyefariki baadaye bila wosia akiwa na wake zaidi ya mmoja, mali yake hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai huhesabiwa kama mmoja zaidi. Nyumba ya kwanza ilisema babu alikufa mwaka uliofuata kifo cha Mzee Kenyatta, yaani 1979. Nyumba ya pili ilisema ni mwaka wa jaribio la kupindua serikali, yaani 1982. Cheti cha kifo hakikuwapo. Rejista ya mazishi ya kanisa, kwa mwandiko wa katekista, ilisema 1979. Kila mmoja alikuwa amekumbuka kwa uaminifu msiba uliomgusa zaidi mwaka ule, na mmoja alikuwa amekosea.

Funzo nililolipata ni hili: kila karatasi hujibu swali la aliyeiandika, wala haina wajibu wa kujibu letu. Nyota ya Burma ilijibu swali la mahali askari alipohudumu, sisi tukaiuliza kuhusu ushujaa. Kitabu cha malipo kilijibu nani alipwe mwaka 1946, jamaa wakakiuliza nani arithi leo. Msomi anayesahau jambo hili anaweza kuwadhulumu watu kwa nyaraka zilizo sahihi kabisa.

Dhuluma ya aina hiyo ina historia ndefu. Mnamo Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti kuhusu namna waliofariki katika Vita vya Kwanza na muda mfupi baadaye walivyokumbukwa. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Pale Nairobi, katika Barabara ya Kenyatta, sanamu za askari na mbebaji zimesimama tangu 1928. Maandishi yake yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Hakuna jina hata moja lililochongwa pale. Kazi ya kukumbuka waliachiwa wana, na wana hawakupewa daftari.

Nawaomba walimu wenzangu wa Historia na Kiswahili wafanye jambo moja lililo ndani ya uwezo wao. Wakati wa likizo, kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja wa ukoo wake na kuandika majina kama yanavyotamkwa nyumbani, pamoja na kila tahajia iliyomo katika vyeti. Nani alioa nani, na nani alikuwapo kushuhudia. Nani alikufa, na mwaka huo kulitokea nini nchini. Aandike pia jina la msimulizi na tarehe ya mazungumzo. Daftari la shilingi chache linaweza kuliokoa shamba miaka thelathini baadaye.

Kwetu, wawakilishi wa nyumba zote mbili walikaa chini ya mwembe, wakasomewa kitabu cha malipo, rejista ya kanisa na maneno ya shangazi. Walitia sahihi makubaliano ya kuwaorodhesha warithi wa nyanya wote wawili, na karatasi hizo sasa ziko mahakamani. Shangazi alitia kidole gumba. Alifariki miezi minne baadaye. Kama ningechelewa msimu mmoja wa mvua, ushahidi pekee ambao ningeupeleka ni ule ukurasa wenye mke mmoja.