Meno Hayana Hatia

Mwezi huu naomba nikutoe mjini kidogo, twende Kansay, wilayani Karatu, kwa wakwe zangu. Tulimpeleka mtoto akaonane na bibi yake. Alikuwa na miezi saba, udenda unamtoka, kila anachoshika kinaishia mdomoni. Siku ya pili joto likapanda. Akawa analia na kujivuta sikio, mimi nikadhani ni mchezo tu.

Mama mkwe akampanua mdomo, akapitisha kidole kwenye fizi. "Mwanangu, haya ni meno ya plastiki. Kuna mzee anayang'oa, kesho twende."

Mwili ulinisisimka, jamani. Hayo meno ya plastiki, wengine huyaita ya nailoni, yalivuma sana nchini kwetu kuanzia miaka ya 1980. Ukweli ni kwamba kile kiuvimbe cheupe ni chonge changa la utotoni, bado halijaota. Likichokonolewa kwa kisu au spoku ya baiskeli, mtoto anaweza kuvuja damu hadi kufa, kupata pepopunda, au kuharibiwa hata jino la ukubwani lililo chini yake.

Mimi msomi nikajibu kwa kujiamini, "Hapana mama, dawa ninayo." Nikatoa kichupa cha vidonge vya homiopathi alichoniletea shoga yangu kutoka Uingereza. Eti ni vya asili, havina madhara! Tiba hiyo aliianzisha Mjerumani Samuel Hahnemann mwaka 1796. Dawa huzimuliwa tena na tena, hadi mara nyingi unameza sukari tupu. Na kama kuna kilichobaki, hujui ni kiasi gani. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba imepima vidonge vya aina hiyo vya watoto wanaoota meno, ikakuta baadhi vina beladona, mmea wenye sumu, kwa kiasi kikubwa kuliko kilichoandikwa.

Nikampa viwili. Joto wapi, halikushuka! Baba mtoto alikuwa kimya muda wote, kabanwa katikati ya mama yake na mkewe. Alfajiri akasema neno moja tu: "Jiandaeni."

Karatu mjini daktari alimpima: nyuzi 39. Akachungulia sikio, limejaa usaha. "Jino halipandishi joto namna hii," akasema.

Njiani kurudi aibu ilinishika. Mama mkwe na mimi hatukuwa tofauti kiasi hicho. Yeye alitaka kisu, mimi nikatoa sukari, na sote tulilaumu meno huku sikio likioza.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, fizi zikiwasha, zisugue taratibu kwa kidole kisafi, au mpe atafune kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi. Joto likifika nyuzi 38, akiharisha au akikataa kunyonya, usitafute dawa ya meno, nenda hospitali.

Na nyie wapenzi, kabla ya safari ya ukweni kubalianeni nani atamwambia mama "hapana", tena kwa heshima. Ukimya wa mwanaume nao unaweza kumponza mtoto.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.