CHENJI NI HAKI, SADAKA NI MOYO



Liko jambo limeingia katika maduka ya mji wetu wa Dar es Salaam kimyakimya, na kwa kuwa limevaa nguo ya huruma, wengi wetu tunaliachia lipite. Jambo lenyewe ni hili: unakwenda dukani kununua haja zako, unafika kwa keshia, unalipa, na kabla hujatiwa chenji mkononi unaulizwa kama hiyo iliyobaki uwaachie mayatima, au wagonjwa, au watoto wenye njaa. Pengine huulizwi kwa mdomo. Limewekwa sanduku la kioo juu ya kaunta, lina picha ya mtoto anayelia, na shilingi zako zinasubiri mkononi mwa keshia juu ya sanduku hilo mpaka useme ndiyo au la.

Siku moja nilisimama katika duka moja kubwa la huku Kinondoni, nyuma ya mama mmoja mtu mzima aliyejitanda khanga. Alinunua sukari kilo moja, majani ya chai na mche wa sabuni. Zikabaki shilingi 200. Keshia, kijana mwenye adabu zake, akamwambia, "Mama, hii mia mbili tuwawekee watoto yatima?" Yule mama akatazama chini, akageuka kututazama sisi tuliokuwa kwenye foleni, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Haya mwanangu, weka." Nilipotoka nilimkuta kituoni ameshika mkono wa mtoto aliyevaa sare. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaniitikia, na bila ya kumuuliza akasema, "Ile mia mbili ilikuwa nauli ya huyu mjukuu wangu ya kwendea shule." Nikampa mia mbili, alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea.

Nauli ya mwanafunzi katika daladala ilikuwa hiyo hiyo shilingi 200. Basi hebu tujiulize: sadaka ile iliyowekwa sandukuni ilikuwa ya nani? Aliyetoa hakutaka kutoa. Aliyeomba hakuwa na shida. Na mtoto aliyekuwa na haja alikuwa amesimama nje anamngoja bibi yake!

HAYA SI RADHI

Watatujibu wenye maduka: "Sisi hatumlazimishi mtu. Tunauliza tu, na asiyetaka aseme hapana." Maneno haya mazuri kwa masikio, lakini hayana uzito. Mtu anayeulizwa mbele ya foleni ya watu kama anawahurumia mayatima, atasemaje hapana? Kila mwenye uso hutahayari. Atatoa ili anusuru uso wake, na hilo analijua muulizaji, ndiyo maana akachagua kuuliza pale kwenye kaunta wala hakungoja mteja atoke.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na ambaye Ihya yake imesomeshwa katika darsa za pwani yetu tangu enzi za mababu, amelieleza jambo hili waziwazi. Amefundisha kwamba mwenye kuombwa mbele ya watu akatoa kwa kuona haya, hali moyo wake haukuridhika, mali yake imechukuliwa kama vile inavyochukuliwa kwa nguvu. Fimbo ya kuonea haya hupiga moyoni, na fimbo ya mti hupiga mgongoni, na zote mbili ni fimbo. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameifuata kauli hiyo. Nasi tumekaa tunaziita fedha hizo sadaka!

Na Qur'ani imetufunza, katika sura ya pili aya ya 271, kwamba kutoa kwa dhahiri ni kuzuri, na kuwapa mafakiri kwa siri ni bora zaidi kwetu. Bwana Mtume (s.a.w.) alimtaja miongoni mwa watu saba watakaopata kivuli siku ya Kiyama yule atoaye kwa mkono wa kulia hata wa kushoto usijue. Je, sadaka inayosikiwa na keshia, na mfungaji mizigo, na watu sita wa foleni, inafanana na hiyo?

CHENJI SI SHUKRANI

Jambo la pili. Chenji si zawadi anayokupa mwenye duka. Ni mali yako iliyo mkononi mwake, na wajibu wake ni kuirudisha kabla ya neno lingine lolote. Akikuuliza uifanyie nini, amejitia katika mali isiyo yake.

Tena tukumbuke jambo hili limetokea wapi. Kwa miaka mingi sasa tumezoeshwa kupewa pipi mbili au kibiriti badala ya chenji, kwa hoja kwamba "sarafu hakuna". Benki Kuu inatoa sarafu za shilingi 50, 100, 200 na 500. Na ni nani aliyepanga bei ya kitu iishie na 950 kama hana hamsini ya kurudisha? Mteja hakupanga. Mwenye duka mwenyewe ndiye aliyeandika bei ile ili ionekane chini ya elfu, kisha hamsini ile akaigeuza pipi. Leo pipi imeona haya, imebadilika kuwa yatima.

Sura ya 83 inaanza kwa kuwatolea ole wale ambao wakipimiwa na watu hutaka kipimo kitimie, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Ndugu mfanyabiashara, wewe mteja akikupungukia shilingi 50 humwachii kitu, unamwambia arudishe kopo la maziwa. Mbona yeye akikudai hamsini unamkumbusha akhera?

JINA NI LA NANI?

Jambo la tatu. Mwisho wa mwaka unatazama gazeti, unaona wakubwa wa duka wamesimama wamevaa suti, wameshika hundi ya karatasi kubwa kama mlango, wanaikabidhi kwa kituo cha mayatima. Chini pameandikwa kwamba duka fulani limetoa. Limetoa nini? Fedha ni za mama wa Mwananyamala na fundi cherehani wa Tandika na mchuuzi wa samaki wa Mbagala. Duka limetoa mahali pa kuweka sanduku.

Hapa tusimsingizie mtu. Wako wanaosema kwamba maduka hufanya hivi ili wapunguziwe kodi. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu mfanyabiashara kutoa katika hesabu yake misaada ya hisani isiyozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara yake, lakini hiyo ni misaada aliyoitoa yeye katika mali yake. Fedha za wateja si mapato yake, na akiziandika kuwa ni msaada wake atakuwa amesema uongo mbele ya sheria na mbele ya Mola wake. Hatusemi kwamba wanafanya hivyo. Tunasema kwamba hata asiyekula senti moja amekula sifa, na sifa katika biashara ni mali. Qur'ani, katika aya ya 264 ya sura ya pili, imemfananisha atoaye ili aonwe na watu na jabali lenye udongo juu yake: mvua ikija, udongo wote huchukuliwa, likabaki jiwe tupu. Ikiwa hali ya mwenye kujionyesha kwa mali yake ni hiyo, je, mwenye kujionyesha kwa mali ya wenzake?

HESABU IKO WAPI?

Jambo la nne, nalo ni zito. Tuchukue mfano. Duka lenye wateja elfu moja kwa siku, kila mmoja akiacha shilingi 100, hukusanya laki moja kwa siku. Kwa mwezi ni milioni 3, na kwa mwaka ni zaidi ya milioni 36. Kanuni za mwaka 2018 zilizitaka jumuiya zisizo za kiserikali zinapopata zaidi ya shilingi milioni 20 zitangaze hadharani fedha hizo na matumizi yake. Wewe uliyeacha mia yako kaunta, umepata kuona tangazo? Risiti yako imeonyesha hiyo mia? Unakijua kituo cha mayatima chenyewe kiko mtaa gani?

Asije mtu akasema huu ni wasiwasi wa bure. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliupiga mkoa wa Kagera. Watu walikufa na nyumba nyingi zikabomoka. Nchi nzima ikachanga, na huo ulikuwa mchango wenye kamati na akaunti inayojulikana. Juu ya hayo, kabla ya mwezi ule kwisha Rais Magufuli alitengua uteuzi wa maafisa wawili kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Na Januari 2017 waathirika waliambiwa kwamba serikali haitawajengea nyumba. Wangapi walikuwa wametoa wakiwa na nia ya nyumba? Ikiwa mchango wa taifa zima, wenye macho yote juu yake, umezua maswali hayo, litakuwaje sanduku la kioo ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja?

WASEMAYO WATETEZI

Watasema: "Haba na haba hujaza kibaba. Yatima anafaidika. Mnataka asipate kabisa?"

La hasha! Hatuwafungii mayatima mlango. Tena tunakiri kwamba kukusanya sadaka za watu na kuzifikisha ni jambo jema lenye ujira. Bwana Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba mweka hazina mwaminifu, anayefikisha alichoamrishwa kwa ukamilifu na kwa moyo safi, huhesabiwa naye kuwa ni mmoja wa wenye kutoa. Lakini tazama masharti yake: uaminifu, ukamilifu, na aliyetoa awe ametoa yeye.

Na mfano mwema upo jirani. Mwaka 2011, njaa ilipoingia kaskazini mwa Kenya, ilianzishwa kampeni iliyoitwa "Kenyans for Kenya", na kampuni kubwa zilikuwamo. Watu walichangia kwa simu, mtu akiwa nyumbani kwake, kwa kiasi alichotaka, na waliopokea walijulikana kuwa ni Msalaba Mwekundu wa Kenya. Lengo la shilingi za Kenya milioni 500 likavukwa. Hakuna aliyezuiliwa chenji yake. Basi haba na haba hujaza kibaba pasipo kumtahayarisha mtu.

Wenzetu wa Marekani wamekwenda mbali katika njia hii ya kaunta. Katika mwaka 2022 kampeni kubwa za maduka yao zilikusanya zaidi ya dola milioni 700. Tusisubiri tufike huko ndipo tuweke adabu zake.

Kwa hiyo tunamwambia mwenye duka anayetaka kheri kweli mambo haya:

1. Rudisha chenji kwanza, yote, mkononi mwa mwenyewe.
2. Keshia asiulize. Sanduku na likae karibu na mlango, anayetaka ataliona.
3. Liandikwe jina la wanaopokea na mahali walipo.
4. Kila mwezi ibandikwe ukutani karatasi ya hesabu: kilichoingia na kilichofika.
5. Picha ikipigwa, yaandikwe maneno ya kweli: "Wateja wametoa."
6. Anza wewe. Toa zaka ya mali yako, na wape vijana wako mshahara unaowatosha. Haifai keshia aombe kwa ajili ya mayatima hali watoto wake wanalala na njaa.

NA SISI JE?

Tusimalize bila ya kujitazama wenyewe. Mbona mtego huu umetunasa upesi? Kwa sababu tumeipenda sadaka isiyotutaabisha. Mia ya kaunta imeturidhisha nafsi, tukarudi nyumbani tukiona tumekwishatoa, wala hatukujua kwamba jirani wa nyuma ya ukuta hajawasha jiko tangu jana. Aya ya 273 ya sura ya pili inatusifia mafakiri ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Watu hao hawana sanduku dukani, wala picha zao hazibandikwi. Wanajulikana na jirani, akiwa jirani huyo ana macho.

Mama zetu walikuwa na desturi: kila wakipima mchele wa chakula waliteka konzi moja, wakaiweka katika chungu cha pembeni. Ijumaa ikifika, chungu kile kilikwenda kwa mjane, usiku, chini ya kanga, na hakuna aliyejua. Hicho ndicho kibaba kilichojaa kwa haba na haba.

Basi ndugu yangu, na wewe dada yangu, ukiulizwa kesho kwenye kaunta, sema bila ya kuogopa macho ya watu, "Nipe chenji yangu, mwanangu." Kisha itazame mkononi mwako na ukumbuke mlango mmoja wa mtaa wako. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na moyo hauombewi chenji.

Wabillahi tawfiq.