Kujisikia Mzima Si Kipimo



Wapendwa, mazishini tumezoea kusikia maneno haya: «Marehemu hakuugua, ameondoka ghafla.» Majuma machache yaliyopita niliyasikia tena tulipomzika baba mmoja wa jumuiya zetu. Baadaye mjane wake aliniambia kwamba dawa za shinikizo la damu zilikuwamo kabatini. Mumewe aliziacha tangu Pasaka kwa kuwa alijisikia mzima. Ameniruhusu niyasimulie haya ili nyumba nyingine isilie kama yake.

Tuutazame kwanza moyo wenyewe. Una ukubwa wa ngumi ya mwenyewe, nao una vyumba vinne. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kuzunguka mwilini na kuisukuma mapafuni ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto huipokea kutoka huko na kuisambaza mwili mzima. Vali husimama kama malango, zikizuia damu isirudi ilikotoka. Moyo hupiga mara zipatazo 100,000 kila siku, hata tunapolala. Mzunguko huo ulielezwa na tabibu Mwingereza William Harvey katika kitabu alichokichapisha mwaka 1628.

Shinikizo la damu likizidi kwa muda mrefu, kuta za mishipa huharibika, na moyo huchoka kwa kusukuma mzigo mzito. Mshipa wa ubongo ukipasuka au kuziba, ndicho kiharusi. Mara nyingi uharibifu huu huendelea miaka mingi pasipo maumivu yoyote. Ndiyo maana nasema kujisikia mzima si kipimo. Anayemeza dawa akajisikia vema, huenda dawa ndiyo inayomlinda. Akiiacha, adui hurudi kimyakimya. Vipimo vikirudiwa siku tofauti na kuonyesha 140 kwa 90 au zaidi, mtu huyo anahitaji tabibu, hata kama analima shamba lake bila kuchoka.

Wapo wanaosema kwamba mwenye imani hahitaji vidonge. Mimi nasema hapana. Sura ya 38 ya Yoshua bin Sira inatuagiza kumheshimu tabibu na kutodharau dawa, na katika sura hiyohiyo mgonjwa anaambiwa asali. Sala na dawa hazigombani. Anayemwombea jirani yake apone, kisha akamshauri atupe dawa, anabeba dhamana nzito mbele ya Mungu.

Mengine yamo mikononi mwetu. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa jikoni au kiwandani. Tutembee kwa haraka walau dakika 150 kwa juma. Tuache tumbaku, na pombe tuipunguze hata katika sherehe zetu. Akina mama na akina baba, mtoto akiumwa koo pamoja na homa, mpelekeni zahanati; baadhi ya maambukizo ya koo yasipotibiwa huleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo.

Naiomba kila jumuiya iulizane juma hili: nani hajapimwa, na nani ameacha dawa? Tusisubiri kuulizana kaburini.

Tuombeane.