Wapiga Makasia Hawaishi kwa Asante



Wapendwa Taifa la Mungu, jioni ya tarehe 27 Machi 2020 Papa Fransisko alisimama mbele ya uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha, akatafakari Injili ya dhoruba ziwani (Mk 4:35-41). Alitukumbusha kwamba sote tumo katika mashua moja. Akawataja watu wanaosahauliwa: wauguzi, wafanya usafi, wauzaji wa madukani, wasafirishaji. Baba Mtakatifu huyo alifariki mwaka 2025, lakini fundisho lake bado linatudai. Katika mashua ile wapo waliokaa, na wapo waliopiga makasia.

Hapa nchini mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Shule zilifungwa, lakini watu hawakufungiwa ndani, na makanisa yalibaki wazi. Wengi walishukuru, maana mtu wa kipato cha kutwa akifungiwa atakula nini? Hata hivyo tusijidanganye kwamba hatari iligawanywa sawa. Mwenye gari alipandisha vioo. Daladala zilipoagizwa kubeba abiria waliokaa tu, mama anayefanya usafi mjini alisimama kituoni tangu alfajiri, magari yakimpita yamejaa.

Mlinzi mmoja wa hapa Segerea ameniruhusu niwasimulie yake. Getini kwa mwajiri wake iliwekwa ndoo ya maji tiririka na sabuni, naye akapewa kazi ya kusimamia wageni wanawe. Barakoa alijinunulia mwenyewe. Alipopata homa, aliambiwa apumzike nyumbani, na siku zile hazikulipwa. “Padre,” aliniambia, “homa iliisha, deni la kodi ya chumba likabaki.”

Mwajiri wake ni Mkristo, analipa zaka, na wote wawili ni wa jumuiya moja. Hapo ndipo penye kidonda. Jumuiya inaposali nyumbani kwa tajiri, mlinzi hufungua geti, kisha hubaki nje.

Ndugu zangu, jambo hili si upungufu wa huruma tu. Ni dhuluma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Naye Mtume Yakobo anatuonya kwamba ujira wa kibarua uliozuiliwa na tajiri haunyamazi mbele za Mungu (Yak 5:4).

Nitaambiwa, “Padre, wakati ule biashara ziliyumba, hata waajiri waliumia.” Ni kweli, wapo walioumia. Lakini mwungwana aliyepungukiwa huketi na mfanyakazi wake, wakagawana kidogo kilichopo. Ninayemkemea ni yule aliyepunguza mshahara wa dada wa kazi bila kupunguza chochote mezani pake.

Nasi wenye kanzu tusijitoe. Machi 2021, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba ndani ya miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walifariki wakiwa na matatizo ya kupumua. Tuliwalilia kwa haki. Je, nani aliwahesabu wapishi, madereva na walinzi waliowahudumia? Parokia inayomhubiri Kristo fundi seremala huku katekista wake akiishi kwa kubahatisha haina ujasiri wa kumkemea tajiri yeyote.

Basi naomba jambo moja. Wiki hii jumuiya ikisali kwako, mwite mlinzi na dada wa kazi waketi pamoja nanyi. Kisha kila mwajiri ajiulize mbele ya Mungu: mtu huyu ana mkataba wa maandishi? Michango yake ya hifadhi ya jamii inapelekwa? Akiugua kesho, atalipwa? Nami nitayajibu maswali hayo hayo mbele ya Halmashauri ya Walei, kuhusu kila anayefanya kazi parokiani.

Debe tupu haliachi kuvuma. Asante zetu za mwaka 2020 zilivuma sana. Dhoruba nyingine isitukute tungali tukivuma tu.

Mungu awabariki.

Paroko wenu