Taa ya mishipa inapendeza, lakini tununue altrasaundi

Hebu niambie ukweli: ushawahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa anayetafutwa mshipa wa dripu? Mimi nishakaa, hapa hapa Changamwe. Binamu yangu ana selimundu. Siku hiyo alidungwa mara sita. Ya sita ilipokosa, hakulia tena, aligeukia ukuta tu.

Usikimbilie kumlaumu sista. Mtu aliyedungwa miaka nenda miaka rudi, mtoto mchanga, mnene, au aliyekaushwa maji na kipindupindu, mshipa wake hauonekani wala haushikiki. Vifaa vya kusaidia vipo, ila si sawa.

Kuna taa ya infraredi. Damu hufyonza mwanga wake, basi mishipa inachoreka juu ya ngozi. Inavutia, wallahi! Lakini inaona ya juu juu tu, na tafiti kadhaa hazikuona ikiongeza bahati ya kupata mshipa kwa mdungo wa kwanza.

Altrasaundi inaona mshipa wa ndani, upana wake, hata sindano ikiingia. Kwa wagonjwa wagumu, hii ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi. Shida yake ni moja: mkono lazima ufunzwe.

Halafu kuna sindano ya mfupa, inayoingizwa chini kidogo ya goti. Dawa na maji hupita kwenye uboho hadi kwenye damu. Hiyo ni ya kufa na kupona, wakati hakuna muda wa kutafuta mshipa.

Msimamo wangu ni huu: pesa zikiwa za mashine moja, inunuliwe altrasaundi ndogo ya kubeba, na wauguzi wafunzwe. Sindano ya mfupa nayo ikae tayari chumba cha dharura. Mashine bila mafunzo ni pambo la kabati.

Na wewe una kazi yako. Sema mapema ni mkono upi hukubali. Omba kitambaa cha uvuguvugu. Midungo miwili ikikosa, sema kwa heshima: "Sista, samahani, naomba mwenzako ajaribu." Hiyo si jeuri, ni haki yako.

Sisi wa Airport tunalala ndege zikitua usiku juu ya mabati yetu. Rubani ana vyombo vya kumwongoza, habahatishi. Mbona sista aachwe abahatishe?