CINCO DE MAYO SI SIKU YA POMBE

Hapana shaka baadhi yenu mmewahi kuona katika filamu za Marekani watu waliovaa kofia pana za Kimeksiko, tarumbeta zikilia, chupa za bia zimejaa mezani, na kila mtu anapiga kelele "Cinco de Mayo!" Maana yake ni tano Mei tu. Ukiwauliza wanasherehekea nini, wengi watakujibu ati ni uhuru wa Meksiko. Lo! Uhuru wa Meksiko huadhimishwa tarehe 16 Septemba.

Basi tano Mei ni nini? Hebu niwasimulie, maana kisa chenyewe ni kitamu kuliko hiyo bia.

Julai 1861, Rais Benito Juárez, Mzapoteki aliyekuwa yatima tangu utotoni, alitangaza kwamba nchi yake iliyochoshwa na vita haitalipa madeni ya nje kwa miaka miwili. Wadai, yaani Uingereza, Uhispania na Ufaransa, wakatuma manowari hadi bandari ya Veracruz. Waingereza na Wahispania walijiondoa Aprili 1862. Mfaransa akabaki. Kumbe Kaizari Napoleon III hakutaka deni pekee, alitaka nchi nzima!

Jenerali wake, Lorencez, alikuwa na askari wapatao 6,000 wa jeshi lililoogopwa duniani, naye alikwisha kujiona bwana wa Meksiko. Tarehe 5 Mei 1862 alifika Puebla, akaamuru watu wake wapande kilima moja kwa moja kuelekea ngome za Loreto na Guadalupe. Huko juu aliwangoja Ignacio Zaragoza, jenerali wa miaka 33 tu, na jeshi dogo kuliko lao. Miongoni mwa wapiganaji wake walikuwamo wakulima wenyeji wa milimani, wengine wameshika mapanga ya shambani. Wafaransa wakapanda, wakateremshwa. Wakapanda tena, wakateremshwa tena. Mvua ikanyesha, kilima kikawa utelezi mtupu, na jioni jeshi la Kaizari likarudi nyuma.

Wengi wanaosimulia hukomea hapo, nami naona hilo ni kosa. Zaragoza alikufa kwa homa ya matumbo Septemba ya mwaka huo huo. Mwaka 1863 Wafaransa walirudi na jeshi kubwa zaidi, wakaitwaa Puebla, kisha mji mkuu. Mwaka 1864 wakamtawaza Maximilian wa Austria. Juárez hakusalimu amri mpaka mwaka 1867, Maximilian alipopigwa risasi huko Querétaro. Kwa hiyo wanaocheza ngoma tano Mei hawasherehekei mwisho wa vita. Wanasherehekea siku moja ambayo mnyonge alikataa, huku mabaya zaidi yakiwa bado njiani. Kwangu mimi hiyo ni sababu kubwa zaidi ya kucheza.

Wapo watakaosema, "Wacha watu wafurahi bwana, historia ni ya darasani!" Siafiki. Huko Puebla watoto wa shule hupita katika gwaride. Na huko Peñón de los Baños, mtaa wa jiji la Mexico, watu hujigawa: hawa Wafaransa, wale wakulima wa milimani, nyuso zimepakwa masizi, baruti inalia. Nani atasema hawafurahi? Mtoto wa pale hahitaji kukariri vita hivyo kwa ajili ya mtihani.

Hata Marekani mambo hayakuanza na chupa. Wameksiko wa California waliisherehekea siku hii tangu miaka ya 1860, na wanafunzi wenye asili ya Meksiko wakaifufua miaka ya 1960 na 1970 walipokuwa wakidai haki zao. Kampuni za bia zilikuja kuivamia kwa matangazo miaka ya 1980. Simkatazi mgeni kucheza, la hasha! Ila aulize kwanza ngoma ni ya nani.

Na akiuliza sana atakutana na sisi Waafrika pia. Mwaka 1863 Napoleon alipewa na mtawala wa Misri askari wapatao 450, wengi wao Wasudani, wakalinde Veracruz ambako homa ya manjano ilikuwa ikiwamaliza Wafaransa. Walivushwa bahari wakapigane vita visivyowahusu ndewe wala sikio. Sijaona tangazo la bia linalowataja hao.