HAKI HAINA BARA WALA VISIWA

Ndugu wanachama,

Mwandishi wa maneno haya ni mtu wa visiwani aliyechukuliwa na riziki hadi Singida, akauza unga na mafuta ya alizeti. Kila nirejeapo nyumbani huulizwa: "Ya watu wa bara yatuhusu nini?" Leo nitajibu.

Mwana wa Ikungi, Bwana Tundu Lissu, alichaguliwa na watu wa Singida Mashariki mwaka 2010 awe Mbunge wao, na 2015 wakamrudisha. Tarehe 7 Septemba 2017, mchana kweupe, alimiminiwa risasi Dodoma alipofika nyumbani kwake akitoka Bungeni. Akapelekwa Nairobi, kisha Ubelgiji. Miaka ikapita, na hapana mtu aliyesimamishwa mbele ya hakimu kwa tendo lile. Lakini Juni 2019 majeruhi mwenyewe akavuliwa ubunge, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kutohudhuria vikao! Aprili 2025 akakamatwa Mbinga, akashitakiwa uhaini, shitaka lisilo na dhamana.

Mtu aweza kumpenda bwana huyu au kumchukia. Hilo si shauri letu. Shauri letu ni Katiba. Ibara ya 14 yampa kila mtu haki ya kuishi, na ya 13 yasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ulimwengu ulizitangaza haki hizi tarehe 10 Desemba 1948. Kwetu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikazuiliwa kuzisimamia hadi Machi 1988. Kitu kilichochelewa hivyo hakifai kuachwa kipotee kwa kunyamaza.

Nasi hatukusahau. Tarehe 27 Januari 2001 risasi ziliwaangukia waandamanaji Unguja na Pemba, na watu wetu zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya, kutafuta hifadhi. Siku zile tulilalamika kwamba wa bara wametuacha peke yetu. Vipi leo tuwaache wao?

Dukani kwangu pana mizani moja. Aje Mnyaturu, aje Mpemba, jiwe ni lile lile. Tangu chuoni tulionywa juu ya wapunjao vipimo. Siku nitakapoweka mawe mawili, moja la nimpendaye na moja la nimchukiaye, mizani imekufa. Na hata nimpendaye hatajua tena kama kilo yake imetimia.

Na tujipime wenyewe pia. Mwenzetu akisimama mkutanini kuwapinga viongozi, je, hatumzomei? Anayemnyima ndugu yake kauli barazani atawezaje kuidai kauli hiyo kwa Serikali?

Basi tumtetee hata tusiyemjua, hata tusiyekubaliana naye. Haki ikipunjwa Singida, imepunjwa Wete.

Wabillahi taufiki.

Mwenye Mizani,
Singida